Mwekundu Mwenye Mwiko: Kwa Nini Nchi ya Chai Inamtazama Fundi wa Kizungu

Video yenyewe haina mambo mengi. Mwanamume mwenye nywele nyekundu na ndevu za rangi hiyo hiyo, uso umejaa madoadoa ya jua, amepiga goti mbele ya ukuta wa matofali. Anachota saruji kwa mwiko, anaipaka, anaweka tofali, analigonga mara mbili kwa mpini, anakata saruji iliyofurika pembeni kwa mkupuo mmoja, anaendelea na lingine. Hasemi neno. Kinachosikika ni mwiko ukikwaruza, pengine na muziki hafifu. Sekunde arobaini zikiisha, mstari mmoja wa ukuta umekamilika na video inajirudia. Mafundi wa namna hii, wawe waashi, wa mifereji, wa stima au wapaka rangi, wana mashabiki wengi huko Uingereza, Ireland na Marekani, na maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba watazamaji, hasa wanawake, wanavutiwa na misuli pamoja na rangi isiyo ya kawaida. Huenda maelezo hayo yanatosha huko. Kwenye vilima vya chai vya Kericho na Bomet, nchini Kenya, hayatoshi, maana video ile ile ikifunguliwa katika kibanda cha Litein au katika nyumba za laini za wachuma chai baada ya kazi, inakutana na macho yenye historia nyingine. Hapa mvuto wake mkubwa uko katika jambo moja: mtu ambaye kwa karne nzima rangi yake ilimaanisha msimamizi, anaonekana amechafuka kwa saruji na anaijua kazi.

Nianze na nywele, kwa kuwa ndizo zinazotangulia kuonekana. Watu wenye nywele nyekundu kwa asili ni kati ya asilimia moja na mbili tu ya watu wote duniani, na wengi wao asili yao ni kaskazini-magharibi mwa Ulaya, Uskoti na Ireland zikiongoza. Chanzo chake ni mabadiliko katika jeni iitwayo MC1R, ambayo huamua aina ya rangi inayotengenezwa na mwili. Kwa mtengeneza video, uchache huo ni mtaji. Kidole cha mtazamaji kinapandisha video moja baada ya nyingine, na sekunde ya kwanza ndiyo inayoamua kama kitasimama. Rangi inayochomoza kati ya matofali ya kijivu na mvua ya Glasgow inakisimamisha. Lakini kusimama ni jambo moja na kubaki ni jingine. Kama uchache pekee ungetosha, karani mwenye nywele nyekundu anayechapa barua angepata watazamaji sawa na mwashi, na hilo halitokei. Mashabiki wa kandanda katika vibanda vya mpira vya Kericho walilijua jambo hili kabla ya video fupi kuwapo. Nywele za Paul Scholes, na baadaye za Kevin De Bruyne, ziliwasaidia kumtambua mchezaji uwanjani, ila kilichowafanya warudi wiki iliyofuata ni pasi zake. Nywele hufungua mlango tu.

Kinachomshikilia mtazamaji ni mkono, na katika nchi ya chai mkono na rangi vina uhusiano wa zamani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitenga ekari zipatazo 25,000 katika eneo la Wakipsigis, wenyeji wa Kericho, kwa ajili ya maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemaa vitani, waje walime kitani chini ya mpango uliojulikana kwa kifupi chake, BEADOC. Bei ya kitani ikaporomoka, mpango ukafa, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ikaishia kwa makampuni ya chai badala ya kurudi kwa wenyewe. Brooke Bond iliingia Kericho mwaka 1924. Haukupita muda James Finlay, kampuni iliyoanzishwa Glasgow mwaka 1750, nayo ikafika kwa jina la African Highlands Produce. Uskoti, basi, umekuwa Kericho tangu miche ya kwanza, pamoja na watu wake wenye nywele hizo. Mchuma chai hakungoja simu ili amwone mtu mwekundu. Alimwona akikagua safu, akisaini daftari la malipo, akiketi kwenye baraza la nyumba iliyozungukwa na majani yaliyokatwa sawasawa. Hakumwona akibeba.

Mgawanyo huo wa kazi ulipangwa kwa makusudi, na kila ngazi ilikuwa na rangi yake. Mwafrika alilima, alichuma na kubeba, akiwa na kipande cha utambulisho shingoni kwa mujibu wa sheria iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa vita vilipokwisha. Nyapara aliyemsimamia alikuwa Mwafrika mwenzake, lakini nyapara naye alimjibu Mzungu. Katikati alikaa Mhindi. Ndiye aliyekuwa seremala, mwashi, makanika na mwenye duka, wengi wakiwa Wapunjabi na Kalasinga waliofuata reli hadi vituo vidogo kama Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion. Hata mishahara ya serikali ya koloni ilipangwa kwa rangi hadi miaka ya 1950. Kwa mpango huo, ufundi wenyewe, yaani kazi ya mikono inayohitaji akili na vifaa, haukuwa wa Mzungu machoni pa wengi. Mzungu aliamuru ukuta ujengwe, Mhindi akaujenga, Mwafrika akamkorogea saruji.

Serikali ya koloni ililinda picha hiyo kwa bidii. Mzungu aliyefilisika au kuanza kuishi ovyo alihesabiwa kuwa aibu kwa rangi nzima, na alisafirishwa kurudi kwao kabla hajaonekana sana. Makaburu waliofika Uasin Gishu mwaka 1908 walidharauliwa na walowezi wa Kiingereza, sababu mojawapo ikiwa kwamba baadhi yao waliendesha magari ya ng'ombe na kulimia wengine kwa malipo. Baada ya uhuru sura zilibadilika kidogo tu. Mzungu akawa meneja, mtalii, mfadhili au daktari. Kuna walioenda kinyume, na haki wapewe: wamishenari wa hospitali ya Tenwek, Bomet, hawakuishia kwenye upasuaji bali walifikia hatua ya kujenga mtambo wa umeme wa maji kwenye mto Nyangores. Hata hivyo picha iliyotawala ni ya Mzungu mwenye mikono safi. Wazee na vijana wa nchi ya chai hawakuwa na njia rahisi ya kujua kwamba huko Glasgow kwenyewe, mji ambao faida ya chai ilikuwa ikienda, kulikuwa na maelfu ya watu wa rangi ile ile waliochimba makaa, wakaunda meli na kulala njaa mishahara ilipokatwa.

Video ya mwashi mwekundu inalijaza pengo hilo kwa sekunde arobaini. Bila kukusudia, inaonyesha kwamba ngazi tatu za koloni hazikuwa maumbile. Ndiyo maana nadhani ni makosa kuiona kama burudani ya macho peke yake. Kijana anayemsaidia fundi wa mjengo huko Kapkatet, aliyeshinda na karai kichwani tangu asubuhi, anamwona mtu ambaye vitabu na runinga vilimweka juu yake akifanya kazi ile ile, na anaweza kuihukumu. Anajua kama saruji imezidi maji. Anajua kama pima maji imetumika au imewekwa kwa ajili ya kamera. Kwa mara moja, yeye ndiye mkaguzi. Ipo raha maalumu katika kumkagua mtu ambaye babu yake alimkagua babu yako, na raha hiyo haina uhusiano wowote na uzuri wa sura.

Ushahidi ulio wazi zaidi unapatikana kwa kulinganisha video hii na jamaa yake wa karibu, ile ya Mzungu mgeni anayejaribu kazi ya wenyeji. Anafungwa kikapu mgongoni, anaingizwa kwenye safu za chai, anakamata majani mazee pamoja na vijiti, wanawake wanaochuma kando yake wanakufa kwa kicheko. Video za aina hii hupendwa pia, lakini hupendwa kwa sababu tofauti kabisa. Mgeni huyo anabaki juu hata anaposhindwa, maana kushindwa hakumgharimu kitu: jioni atarudi hotelini, na kilo alizochuma hazitapimwa kwenye kituo. Kicheko ni cha ukarimu na kila mmoja anabaki mahali pake. Kwa mwashi mwekundu hakuna kicheko. Kazi anaiweza, riziki yake iko ndani ya kazi hiyo, na mtazamaji ananyamaza kama anavyomnyamazia fundi hodari wa kwao. Tungekuwa tunavutiwa na weupe au nywele tu, video hizi mbili zingetugusa namna moja.

Jambo hili lina sura ya Kiafrika pia, na katika hiyo mshangao unatazama upande wa pili. Kili Paul, kijana wa Kimaasai kutoka Tanzania, alijulikana ulimwenguni mwaka 2021 kwa kufuatisha midomo nyimbo za filamu za Kihindi akiwa amevaa shuka, mara nyingi pamoja na dada yake Neema. Februari 2022 ubalozi wa India nchini Tanzania ulimtunuku, na Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao katika kipindi chake cha redio. Mamilioni ya Wahindi walisimamisha kidole kwa sababu mwili ule, katika mawazo yao, haukupaswa kujua wimbo ule kwa ufasaha namna ile. Na mwenye nywele nyekundu aliye karibu nasi zaidi si Mskoti hata kidogo. Ni morani. Kwa desturi morani husukana nywele na kuzipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, na kwa miaka mingi sasa vijana wa Kimaasai wamekuwa wakiusuka mtindo huo huo kwa malipo vichwani mwa wanawake Nairobi, Mombasa na Zanzibar. Shujaa wa vita aliyegeuka msusi mwenye vidole vyepesi anawatazamisha watu kama vile mwashi mwekundu anavyowatazamisha. Wazee kadhaa wa Kimaasai wameilaumu biashara hiyo kwa kuwa mikono ya morani haikutengwa kwa ajili ya kichwa cha mwanamke asiye wa kwake, na lawama yenyewe inaonyesha kuwa kilichoguswa ni mpangilio wa nani afanye kazi gani.

Pingamizi la kwanza ni rahisi na lina ukweli: watu wanatazama kwa sababu mwanamume anapendeza. Sina haja ya kulikana. Kuna wanawake, na wanaume pia, wanaotazama mikono yenye misuli kwa sababu ya misuli, na hakuna dhambi. Ila tamaa ina chaguo. Ingekuwa ni sura tu, waigizaji na wanamitindo wangetosha, nao wamejaa kwenye simu, wamepakwa mafuta na kupigwa taa. Fundi anapendwa akiwa na vumbi, kinyume kabisa cha mwanamitindo, na anapendwa akimaliza kitu. Bomba lililovuja halivuji tena. Ukuta uliokuwa wima kasoro umenyooka. Katika maisha ambayo mengi hayaishi, kuanzia mkopo wa simu hadi bonasi ya chai inayosubiriwa mwaka mzima, kuona jambo likianzwa na kumalizwa mbele ya macho ni starehe ya kweli. Uzuri wa mtu unaongezwa na umaliziaji wake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na ndilo ambalo msomaji mwenye hasira njema ataliinua: kwa nini tumshangilie Mzungu kwa kupanga matofali, ilhali fundi wetu anayapanga kila siku bila mtu kugeuka? Je, hii si kasumba ile ile imevaa ovaroli? Kwa sehemu, ndiyo. Heshima anayopewa mwashi wa kigeni inasaidiwa na vitu ambavyo hatuvioni kama heshima: buti safi za kazi, msumeno wa umeme, gari lenye jina lake ubavuni, nyumba ya mteja iliyojaa mwanga. Vitu hivyo vinampa sura ya bwana hata akiwa ameinama. Na ni kweli kwamba mshangao wenyewe unaishi kwa mkopo wa ubaguzi wa kale. Siku tutakapoona ni kawaida Mzungu kukoroga saruji, mvuto utapungua nusu. Lakini kasumba hutaka yule wa juu abaki juu, na video hii inamshusha hadi kimo cha binadamu mwenye kazi. Mtu aliyetawaliwa na kasumba angekerwa na video ile. Anayeifurahia ameanza kuona kwamba mwiko hauna rangi, ingawa hajafika mahali pa kumtazama fundi wa jirani kwa macho hayo hayo.

Wapo watakaosema yote haya ni maneno mengi juu ya kitu kilichoamuliwa na mashine, kwamba programu inasukuma kinachosukumika na mtazamaji hana lake. Ripoti ya habari za kidijitali ya taasisi ya Reuters ya mwaka 2023 iliiweka Kenya mbele ya nchi zote zilizochunguzwa kwa matumizi ya TikTok, asilimia 54 ya waliohojiwa wakisema wanaitumia, kwa hiyo nguvu ya programu hiyo hapa si ya kupuuzwa. Hata hivyo programu inajifunza kutokana na mahali vidole vinaposimama. Inakuza upendeleo uliopo. Kuuanzisha kutoka hewani ni kazi nyingine.

Mahali ambapo mimi mwenyewe naona video hizi zinapotosha ni kwingine, katika kile kinachobaki nje ya fremu. Fundi wa mifereji wa Uskoti ana heshima kwa kuwa ana misuli, ndiyo, na kwa kuwa ana cheti ambacho mteja anaweza kukiuliza, uanafunzi uliolipwa, bima akianguka, na bei ambayo hashawishiwi kuipunguza mlangoni. Kamera haipigi picha ya bima. Mchuma chai wa Kericho naye ana ustadi unaostahili kutazamwa: majani mawili na chipukizi, vidole vya mikono yote miwili vikivunja bila kurarua, konzi ikitupwa nyuma ya bega bila kutazama kikapu, safu nzima ikibaki sawa kwa juu. Video zake zipo, na rangi hazikosekani, kwa maana aproni ya plastiki na kitambaa chekundu juu ya kijani kile huonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Lakini analipwa kwa kilo, na mgongo ndio unaobeba kilo. Mamia ya wafanyakazi wa mashamba ya Finlay walipeleka madai ya kuumia migongo hadi mahakama ya Edinburgh, kesi iliyoruhusiwa kuwa ya kundi mwaka 2022, kabla majaji wa rufaa kuisimamisha mwishoni mwa 2023 wakitaka kwanza ijaribiwe njia ya fidia iliyopo Kenya. Uskoti uleule unaotuletea mwashi wa kupendeza uliketi mahakamani kujadili pingili za uti wa mgongo za watu wa Kericho. Habari hiyo haikupata muziki wa chini chini.

Na huo mkono tunaoutazama kwa raha unaondolewa tukiutazama. Mashine za kuchuma chai zimeenea katika mashamba makubwa, moja ikifanya kazi ya watu wengi, na Mei 2023 waandamanaji waliteketeza mashine kadhaa huko Kericho kwa hasira ya ajira zilizopotea. Miezi michache kabla ya hapo, Februari, BBC ilikuwa imefichua jinsi wanawake walivyotakiwa kutoa ngono ili wapate kazi ya kuchuma majani hayo. Haishangazi kwamba mapenzi ya kutazama kazi za mikono yameshamiri wakati huu, hapa na Ulaya pia. Kazi iliyokuwa ya kila mtu haikuhitaji mtazamaji. Ikianza kuwa adimu inageuka onyesho, na adimu juu ya adimu, mkono stadi chini ya nywele nyekundu, inauzika zaidi.

Inauzika kwa nani, hilo nalo lina jibu la wazi. Mpango wa TikTok wa kuwalipa watengeneza video kulingana na watazamaji ulifunguliwa kwa nchi chache, Uingereza na Marekani zikiwamo, Kenya ikaachwa nje. Fundi wa Bomet akijirekodi akipiga plasta, faida anayoweza kutegemea ni zawadi za watazamaji akiwa mubashara, au mteja atakayempigia simu. Mteja ni jambo kubwa, na mafundi wengi wameligundua: video ya dari iliyokamilika inafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na kibao cha mbao njiani. Ila mteja huyo akipiga simu ataanza na bei, na fundi asiye na cheti ataishusha. Mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, upo, wenye ngazi zake tatu, na aliyejifunza kazi kwa kumfuata fundi mkubwa anaweza kuufanya bila kupita chuoni. Vyuo navyo vipo, Sot pale Bomet kikiwa kimojawapo. Kijana wa karai anayejua kwamba saruji ya mwashi mwekundu imezidi maji ameshajibu swali moja la mtihani huo, na hakuna aliyemlipa kwa kulijibu.